Jeraha Halisikilizi Redio

Kosa nitakaloliandika hapa ni la kufunika kilichochanika kabla hakijatakata. Si kosa la mtu mmoja. Nimeliona kwa mwenye bunduki na kwa mwenye rozari, kwa wakubwa waliotia sahihi mapatano wakitabasamu, na kwa majirani zangu wa Bunia, mashariki ya Kongo, waliojifanya hawakusikia walichokisikia kwa masikio yao. Aliyenifundisha kulitambua alikuwa mganga wa mifugo wa serikali, ambaye mtaa wetu wote ulimwita Veterineri. Nami nitamwita hivyo tu, kwa kuwa alichukia kutajwa.

Kiwanja chake na changu, mimi mwalimu wa shule, viligawanywa na ua wa matete. Kwa miaka mingi nilimwona kila asubuhi akinawa mikono hadi mabegani kwa sabuni na kreoli, dawa kali ya kuua vijidudu, kama padri anayejiandaa kwa misa isiyokwisha. Mikono yake ilikuwa mirefu kuliko kimo chake kilivyostahili, na vidole vyake vilikuwa vyembamba, kucha zimekatwa mpaka kwenye nyama. Hakusalimia mtu kabla ya kunawa. Ukimwamkia mapema alikutazama kama umemwingilia bafuni.

Watu walimjia kutoka Bogoro, kutoka upande wa Bule, hata kutoka Aru, kwa jambo moja ambalo wengine hawakuliweza. Lazima nilieleze bila pazia. Ng'ombe anapozaa ndama mkubwa, au ndama aliyelala vibaya tumboni, na watu wakamvuta kwa pupa, kwato za ndama huweza kupasua ukuta ulio kati ya njia ya uzazi na njia ya haja kubwa. Njia mbili huwa moja. Kinyesi huingia pasipo pake, ng'ombe hanasi mimba tena, hunuka, na mwenyewe humpeleka kwa mchinjaji huku akimlaani. Chini ya mikono ya Veterineri ng'ombe wa namna hiyo walizaa tena.

Hakuwa na siri. Alimweleza kila aliyeuliza, na wengi ambao hawakuuliza. Siku ya kwanza, alisema, nyama imevimba, imejaa uchafu, ni laini kama ugali mbichi. Ukitia uzi, uzi unakata. Unaosha, unaosha tena, unamlisha ng'ombe majani mabichi ili kinyesi kiwe chepesi, unangoja mwezi na nusu mpaka uvimbe uishe na kingo za jeraha ziote ngozi yake. Ndipo unachukua kisu na kuzichubua kingo hizo upya, damu safi itoke, kwa sababu nyama hukubali kuungana na nyama ikiwa zote mbili ni mbichi na safi. Unashona kwanza ukuta wa ndani. Mlango wa nje unauacha, unaushona baadaye, ndani ikishashika. Wenye ng'ombe walitaka kinyume chake siku zote: nje kufungwe leo, ndani Mungu atajua.

Dawa za serikali zilipokwisha kuporwa, alishonea uzi wa nailoni wa kusukia nyavu. Aliununua ng'ambo ya njia, kwa mwanamke wa pwani ya ziwa, upande wa Mahagi, aliyeuza samaki wakavu na vifaa vya wavuvi kwenye meza ya mbao. Mtaa ulimwita Mama Samaki. Alikuwa Mkatoliki mwenye sauti kubwa na kicheko kikubwa zaidi, na alimtania Veterineri kila alipokuja kununua.

"Muzee, leo unashona nani tena? Unashona tu bibi za watu!"

"Za watu bako na bwana. Hizi ziko na mwenyewe tu," alijibu, bila kutabasamu, akiuvuta uzi kwa meno kuujaribu.

Ng'ombe aliwaita "mama". Wenye ng'ombe aliwaita "nyama", yaani wanyama. Siku moja mfugaji alifika na ng'ombe aliyechanika vibaya, damu imekauka mpaka kwenye kwato.

"Ulimuvuta na nini?" akauliza Veterineri.

"Na pikipiki, Muzee. Nilifunga kamba ku miguu ya mutoto, nikawasha. Bale batu balikuwa nyuma yetu, batakuja kutukata."

"Na bibi yako akizaa, utamufunga pikipiki?"

"Siye tulikuwa nakimbia, Muzee."

Alimpiga kofi mtu yule, mtu mzima mwenye watoto, hadi kofia ikaanguka. "Weye ni nyama," akamwambia. "Huyu ni mama." Kisha akamlaza jikoni kwake mwezi na nusu wote, akala naye sahani moja, kwa sababu kijiji cha mtu yule kilikuwa kimechomwa na hakuwa na pa kungojea. Sikuweza kuupatanisha ukali ule na ukarimu ule, wala yeye hakujaribu kunisaidia. Alihubiri subira, lakini penye foleni ya maji aligombana na wajane. Alichukia mbwa. Alitia sukari kwenye chai mpaka kijiko kikasimama.

Vita vya wafugaji na wakulima vilipoingia mjini, kila kizuizi cha barabarani kiliuliza kabila kabla ya kuuliza jina, na jibu baya lilimaliza maisha palepale, mbele ya watu waliopanga mstari nyuma. Niliwaona waliomalizwa hivyo. Walibaki kwenye mfereji, miguu ikitazama barabara, na jioni mtu alikuja kuwafunika kwa majani ya ndizi. Siku moja tulisimamishwa pamoja, mimi na Veterineri.

"Weye, kabila gani?"

"Munganga ya ng'ombe."

"Nimeuliza kabila!"

"Ng'ombe hawaniulizaka."

Walimvunja meno mawili kwa kitako cha bunduki. Alitema damu, akaokota kofia yake, akarudia jibu lilelile kwa mdomo uliovimba. Askari mkubwa wao akaanza kucheka, akasema mwacheni huyo kichaa, naye ataliwa na ng'ombe wake. Tulipopita nilimwambia kwamba ujinga wa namna ile utamwua. Akanijibu kwamba mtu akishataja kabila lake kwenye kizuizi, ameshakubali kwamba swali lile ni swali.

Aliwatibu ng'ombe wa wafugaji na mbuzi wa wakulima, na pande zote mbili zilimwita msaliti. Wapo waliodhani vita vile viliua watu tu. Niliandamana naye siku moja hadi bondeni nje ya mji, ambako kundi zima lilikuwa limekatwa mishipa ya miguu kwa mapanga na kuachwa hai. Ng'ombe walikuwa wamekaa kama watu waliochoka, wakijaribu kuinuka kwa magoti ya mbele, na wengine walikatwa viwele. Walilia kwa namna ambayo siwezi kuiandika. Veterineri alitembea kati yao, akishika kila kichwa. Kisha akaenda kwa askari waliokaa kando ya njia, pengine walewale waliofanya kazi ile, akawaomba risasi. Wakamcheka. Akawaomba tena. Hatimaye mmoja, kwa uchovu au kwa haya, akaja na bunduki yake, na Veterineri akamwonyesha mahali pa kulenga kwenye kila paji la uso. Kwa kila mmoja alisema, "Lala, mama." Tuliporudi alinawa mikono mpaka ngozi ikachubuka.

Mapatano yalitangazwa mara nyingi katika miaka ile. Kila yalipotangazwa, watu walitoka uani na redio zao, wakakumbatiana, wakachinja kuku. Yeye aliendelea kunoa kisu. "Jeraha halisikilizi redio," alisema, na watu wakachukia, hasa kwa vile mapatano yale yalipasuka moja baada ya jingine.

Kanisani alikaa benchi la mwisho. Katika misa moja ya upatanisho tuliambiwa tupeane mikono ya amani, na mtu aliyekuwa mbele yake akageuka na kumnyooshea mkono. Mtu yule alijulikana. Nyumba zilizochomwa karibu na soko alizichoma yeye, na zilikuwa na watu ndani. Veterineri aliutazama ule mkono.

"Bado," akasema.

"Padri amesema tusameheane, Muzee."

"Kwanza sema ulifanya nini. Hapa ndani iko usaha. Unataka nishone juu ya usaha?"

Waumini walimlaumu kwa kuharibu misa. Mchoma nyumba hakulaumiwa na mtu. Alikuwa amenyoosha mkono vizuri.

Sasa nifike kwa Komanda.

Alikuwa kijana wa wanamgambo waliokuwa wameukalia mji majira yale, na alikuwa akioa Jumamosi, siku ya posho kama tunavyoiita kwetu. Ukoo wa binti una desturi ambayo hata bunduki haikuifuta. Ng'ombe wa mahari husimamishwa mbele ya watu wote, na mzee wa upande wa bibi arusi humwendea kila ng'ombe, akainua mkia na kumkagua. Ng'ombe asiyeweza kuzaa ni tusi kwa binti. Hurudishwa hadharani, na ndoa husimama siku ileile.

Komanda alifika Jumatano, saa za adhuhuri, na gari la pikapu na ng'ombe mweupe mwenye mabaka, mzuri kuliko wote niliowaona mwaka ule. Walikuwa wamempora kwenye njia ya Bogoro akiwa na mimba pevu. Mmoja wa askari alituambia kwamba mwenye ng'ombe hatakuja kumdai, na wenzake wakacheka, na nikaelewa. Ng'ombe alishikwa na uchungu kambini. Ndama hakutoka upesi, wakamfunga kamba, wakamvuta kwa pikapu.

Askari walinivuta kutoka uani kwangu na kuniamuru nishike pua ya ng'ombe. Veterineri alimwosha, akaingiza mkono, akakaa hivyo kitambo, macho yamefumbwa.

"Mutoto?" akauliza.

"Ilikatika," askari akajibu.

Akautoa mkono, akanawa. "Mumulete kisha mwezi na nusu."

"Unashona leo," akasema Komanda. "Siku ya posho bakwe bangu batafunua mukia."

"Leo haiwezekane. Nyama iko imevimba. Uzi itakata."

"Mimi sikukuuliza nyama iko namna gani. Nilikuambia shona."

"Amri yako nimesikia. Nyama haijasikia."

Kitako cha bunduki kilimwangusha. Alipoinuka walimpiga tena, mbavuni na mgongoni, na mmoja alimkanyaga shingo hadi uso ukaingia kwenye tope la uani. Hakulia. Alisema tu, kila walipompa nafasi, kwamba haiwezekani leo. Komanda akachoka. Akaagiza kigogo cha kukatia kuni kiletwe, na mkono wa kushoto wa Veterineri uwekwe juu yake.

"Mukono yenye haishone iko na kazi gani?" akasema. "Tutaanza na kadogo. Ukikubali, unasema."

Panga lilishuka. Kidole cha mwisho kiliruka na kuanguka karibu na mguu wangu, cheupe, safi, kucha imekatwa mpaka kwenye nyama. Ng'ombe alisikia harufu ya damu akavuta kichwa, nami nikamshika kwa nguvu zangu zote, kwa sababu hilo ndilo pekee nililoamriwa.

Hapo ndipo askari aliyetumwa kununua uzi aliporudi, akimsukuma Mama Samaki mbele yake na bunda la nailoni mkononi. Alikiona kigogo. Akakiona kidole. Akaliangusha lile bunda.

"Komanda, mwanangu," akasema, kwa sauti ileile kubwa ya sokoni, hivi kwamba watu waliokuwa wamejificha nyuma ya nyua zote za mtaa walimsikia. "Kata na yangu, lakini sikia kwanza. Mimi nilipasuka hivi hivi."

"Toka hapa, mama."

"Sitoke. Mutoto wangu wa kwanza alikuwa mukubwa, na bale wamama balinivuta kama hii ng'ombe. Enfirmie wa ku hospitali alinishona siku ile ile, sababu bwana yangu alisema hataki bibi wa wazi. Uzi ilikata. Yote ilifunguka, mubaya kuliko mbele. Mavi ilikuwa natoka kwenye mutoto alitokea. Miaka, Komanda! Nilikuwa nalala inje na bambuzi. Kisha wamasista balinipeleka kwa munganga ingine. Yeye aliniacha wazi. Nililia, nikamwambia fungeni, akakataa. Aliniosha, akangoja, kisha akashona. Na leo mimi niko hapa, na nilizaa tena babili."

 Askari mmoja akaguna kicheko, na Komanda akampiga kibao bila kumtazama.

"Ushone leo," Mama Samaki akaendelea, taratibu sasa, kama anayemweleza mnunuzi mkaidi. "Siku ya posho muzee wa binti atainua mukia. Ng'ombe itaogopa, itasukuma, uzi itakata mbele yake. Mavi itamwagika kwenye mikono ya mukwe wako, batu bote banaangalia. Ndiyo harusi unataka?"

Niliutazama uso wa kijana yule. Alikuwa ameua watu, na bila shaka angeua wengine kabla ya Jumamosi, lakini picha ile ilimtisha. Panga lilibaki hewani, kisha likashuka kando.

"Mbele ya bakwe?" akauliza.

"Mbele yao."

Akatema mate. Akaamuru waende kumtafuta ng'ombe mwingine, na sote tulielewa maana yake kwa mwenye ng'ombe huyo mwingine. Walipoondoka walipindua meza ya Mama Samaki na kuchukua samaki wake wote. Yule mweupe walimwacha, kwa kuwa hakuwa na faida tena. Mama Samaki alimfunga Veterineri mkono kwa kitambaa cha kichwa chake.

Komanda hakurudi. Mji ulitekwa na wengine kabla mwezi haujaisha, na sikuuliza yaliyompata. Mwezi na nusu ulipotimia mabomu yalikuwa yakianguka upande wa kiwanja cha ndege. Veterineri alimfunga ng'ombe kati ya miti ya mikaratusi, akamchoma sindano ya ganzi kwenye shina la mkia, akashona kwa vidole tisa huku udongo wa kuta ukitudondokea. Aliposhtushwa na mlipuko aliinua sindano, akangoja, akaendelea. Baada ya majuma kadhaa akaushona mlango wa nje. Ule uzi ulishika. Mwaka uliofuata ng'ombe alizaa jike, kwa nguvu zake mwenyewe, bila kamba.

Lakini mtaa wetu ulikuwa na jeraha lingine, na ulilishughulikia kwa njia yake. Siku chache baada ya tukio lile wanawake waliacha kununua samaki kwa Mama Samaki. Walisema wananuka. Samaki wakavu wananuka tangu dunia iumbwe. Kwenye kisima maneno yake yalirudiwa kwa sauti ya kuigiza, na wasichana walianguka kwa kicheko. Kanisani, wenzake wa rozari walihamia benchi jingine. Watu waliokuwa wameruka maiti kwenda kuchota maji walikunja pua mbele ya mwanamke aliyepona. Asubuhi moja alipanda lori la Mahagi na meza yake, na hakuna aliyemsindikiza isipokuwa Veterineri, aliyebeba meza kwa mkono wenye bandeji.

Baada ya hapo hadithi ilianza kushonwa. Nilisikia kwamba Veterineri aliokolewa na novena, sala za siku tisa, ya akina mama wa parokia. Nikasikia kwamba kanali fulani alipiga simu. Mwishowe nilisikia, kutoka kwa mtu aliyekuwa nyuma ya ua siku ile, kwamba Komanda alipatwa na huruma. Nje kulifungwa vizuri kabisa, na mwanamke hakuwemo tena.

Nilimwona Veterineri kwa mara ya mwisho vita vilipokuwa vimekwisha zamani, kwenye maegesho ya malori yaendayo Mahagi. Alikuwa mzee sana. Mikono mirefu ilitetemeka, na hakushona tena. Alikuwa akiwagombeza wapakizi waliokuwa wakimpandisha mtamba mweupe mwenye mabaka kwenye lori.

"Pole pole, nyama hizi! Huyu ni mama!"

Nikamwamkia. Alinitazama mikono kwanza, kama kawaida yake.

"Unampeleka wapi, Muzee?"

"Kwa mwenyewe. Yule mweupe alizaa, na mutoto wake akazaa. Hii ni ya kwake."

"Ulimpata?"

"Nilitafuta kwenye masoko yote ya pwani. Iko anauza samaki bado. Alinicheka: Muzee, umekuja kunishona?" Meno yake machache yakaonekana. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona akicheka. Kisha akanishika bega kwa ule mkono wenye vidole vinne. "Mwalimu, weye unaandikaka. Bale batu ya mutaa yetu, bado banasema novena?"

"Bado wanasema."

"Miaka yote ile nilikuwa nanunua uzi kwake. Sikumuuliza jina. Mutu alifungua jeraha yake mbele ya mutaa muzima sababu ya mukono yangu, na mimi nilimwita samaki." Akatazama wapakizi wakimfunga mtamba. "Nilimuuliza kama naweza kukupa jina yake, uiandike. Alifikiri. Akasema: Walinisema bila jina, basi waniseme na jina."

Dereva alipiga honi. Veterineri alipanda nyuma, akakaa kwenye majani makavu karibu na kichwa cha mtamba, na lori lilipoanza kuondoka akainama juu ya ubao na kunitajia. Nimelingojesha jina hilo hadi nilipoweza kuliandika pamoja na yote yaliyotangulia, bila kufunika lolote.

Anyolitho.